Asili Si Urithi: Pingamizi Dhidi ya Uhakiki wa Madeni katika Fasihi ya Wamalay

Utangulizi

Kwa muda mrefu fasihi ya Wamalay imesomwa jinsi mwenye duka anavyosoma daftari la madeni. Mhakiki hufungua ukurasa, hutazama kilichokopwa, huandika jina la mkopeshaji, kisha hufunga daftari akiamini kwamba kazi yake imekwisha. Tendi kuu, atasema, zilitoka Bara Hindi. Visa vya Panji, yule mwana wa mfalme, vilitoka Java. Hati, istilahi za dini na hikaya za mashujaa wa Kiislamu zilitoka kwa Waarabu na Waajemi. Riwaya ililetwa na Wazungu. Kila mdai akishalipwa haki yake, Mmalay hubaki uchi, akiwa hana chochote cha kuitwa chake ila bahari aliyoivuka na ulimi aliozaliwa nao.

Makala haya yanaupinga uhakiki wa namna hiyo, ambao hapa utaitwa uhakiki wa madeni. Hoja inayotetewa ni nyepesi kuitamka lakini nzito katika matokeo yake: asili ya kitu si urithi wa kitu. Asili hueleza mahali kitu kilikotoka. Urithi ni kile ambacho watu wamekifanyia kitu hicho, wakakitumia kufikiri, kuhukumiana, kuliwazana na kupigana vita. Anayejua ya kwanza bila ya pili hajaijua fasihi; ameijua forodha tu.

Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba mjadala huu ni wa mbali. Daftari lililotumiwa kumhesabia Mmalay ndilo lililotumiwa kumhesabia Mswahili. Hata hivyo, inafaa kesi ya Wamalay isikilizwe kwanza kwa haki yake yenyewe, wala isigeuzwe kioo cha kujitazamia sisi kwa sisi.

Wamalay ni akina nani?

Wamalay wanaozungumziwa hapa ni watu ambao lugha yao ilienea katika rasi inayobeba jina lao, pwani ya mashariki ya Sumatra, visiwa vya Riau, pwani za Borneo na eneo la Patani lililoko kusini mwa Thailand. Leo wamegawanyika katika nchi kadhaa: Malaysia, Indonesia, Brunei, Singapore na Thailand. Kimalay ni miongoni mwa lugha za Asia ya Kusini-Mashariki zenye ushahidi wa kale wa maandishi. Jiwe la Kedukan Bukit, lililopatikana karibu na Palembang, ni la mwaka 682 au 683, kutegemea jinsi tarehe yake inavyosomwa, na lina maneno ya Kimalay cha kale kwa hati ya Kipallava iliyotoka kusini mwa Bara Hindi. Miaka michache kabla ya jiwe hilo, mwaka 671, mtawa wa Kichina Yijing alitua Srivijaya, dola iliyokuwa na makao yake katika eneo hilohilo, akakaa kwa miezi sita akijifunza sarufi ya Kisanskriti. Baadaye aliwashauri watawa wenzake waanzie masomo yao huko kabla ya kwenda India.

Mhakiki wa madeni husoma habari hizi na kuona India tu. Lakini mtu anayevuka bahari kutoka China ili ajifunze Kisanskriti Sumatra hakuona Sumatra kuwa kivuli cha India. Aliona chuo. Palikuwa na walimu, palikuwa na wanafunzi, na palikuwa na lugha ya nyumbani iliyokwisha kupata nguvu ya kuandika amri za mfalme juu ya mawe. Hati iliazimwa; amri ilikuwa yao.

Daftari la Winstedt

Jina linalohusishwa zaidi na uhakiki wa madeni ni la R. O. Winstedt, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza na mtaalamu mkubwa wa Kimalay. Si haki kumdhihaki. Alisoma miswada ambayo wengi hawakuwahi kuigusa, na mwaka 1938 alichapisha maandishi ya mswada maarufu unaojulikana kama Raffles 18, uliohifadhiwa London. Mwaka uliofuata alitoa historia ya fasihi ya Kimalay ambayo vizazi vya wanafunzi vililelewa nayo.

Tatizo limo katika mpangilio wenyewe wa historia hiyo. Sura zake hazikupangwa kufuata tanzu jinsi Wamalay walivyozitofautisha, wala kazi ambayo tungo zilifanya katika jamii, wala maswali ambayo watunzi waliulizana kutoka kizazi hadi kizazi. Uti wa mgongo wake ni athari za nje: Uhindu, Java, kipindi cha mpito kutoka Uhindu kuingia Uislamu, kisha Uislamu wenyewe. Katika mpangilio kama huu jibu limetangulia swali. Mwanafunzi hawezi kukutana na hikaya kabla ya kuambiwa ni mali ya nani.

Mpangilio huo haukuzaliwa hewani. Dola inayotawala watu hupata faraja kubwa ikiweza kuamini kwamba watu hao daima walitawaliwa, kama si kwa bunduki basi kwa fikra. Mwanasosholojia Syed Hussein Alatas, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu kisasili cha mwenyeji mvivu, alionyesha jinsi mtazamo wa uvivu wa Wamalay, Wajava na Wafilipino ulivyohudumia uchumi wa kikoloni. Uhakiki wa madeni ni ndugu wa kisasili hicho. Mmoja alisema Mmalay hafanyi kazi. Mwingine ukasema Mmalay hatungi.

Ushahidi wa jiwe

Hebu tuhuma hiyo ipimwe kwa ushahidi. Katika jimbo la Terengganu, pwani ya mashariki ya rasi, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kimalay kwa hati ya Jawi, yaani herufi za Kiarabu zilizoongezewa alama ili zichukue sauti za Kimalay. Sehemu ya tarehe yake imevunjika, lakini kwa kawaida jiwe hilo huhesabiwa kuwa la mwaka 1303. Linatangaza sheria kwa watu waliokwisha kusilimu, zikiwemo adhabu za zinaa.

Jambo la kusisimua zaidi katika jiwe hilo ni jina la Mwenyezi Mungu. Mwandishi alilijua jina la Kiarabu. Hata hivyo alimwita Mungu Dewata Mulia Raya, maneno yenye mizizi ya Kisanskriti ambayo wakati huo yalikuwa yamekwisha kuwa Kimalay. Je, jiwe hili ni la Kihindi kwa sababu ya neno Dewata, au ni la Kiarabu kwa sababu ya herufi zake? Mhakiki wa madeni atalikata vipande viwili na kumpa kila mdai fungu lake. Lakini mwandishi wa jiwe hakuandika vipande viwili. Aliandika tangazo moja, kwa watu wamoja, akitumia neno ambalo wangelisikia moyoni. Alifanya tafsiri ya imani nzima kwa neno moja.

Mswahili Mwislamu anayesema Mwenyezi Mungu, kwa neno la Kibantu, bila kuhisi kwamba amepungukiwa na dini, anaelewa jambo hili kuliko maprofesa wengi.

Pantun, syair na upofu wa kuchagua

Upande wa ushairi, uhakiki wa madeni huumbuka zaidi. Pantun, ubeti wa mishororo minne yenye vina vya kupishana, hauna mkopeshaji anayejulikana. Mishororo miwili ya mwanzo hutoa taswira, mara nyingi ya mimea, mto au ndege. Miwili ya mwisho hutoa maana. Uzuri wake umo katika pengo baina ya jozi hizo mbili, ambalo msikilizaji hulivuka kwa masikio kabla ya kulivuka kwa akili. Ni utanzu wa posa, wa kejeli, wa mashindano na wa majonzi. Mwaka 2020 UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa pamoja wa Indonesia na Malaysia.

Katika karne ya 19 pantun ilisafiri. William Marsden alikuwa ameiweka katika sarufi yake ya Kimalay ya 1812. Mwaka 1829 Victor Hugo alichapisha tafsiri ya pantun ya mfululizo katika maelezo ya diwani yake ya Les Orientales, na kutoka hapo washairi wa Ufaransa wakaunda umbo lao la pantoum, ambalo hata Baudelaire alilijaribu kwa njia yake. Basi ni wapi historia ya fasihi ya Kifaransa iliyopangwa kwa sura za Kipindi cha Kimalay? Haipo. Baudelaire akikopa, husemwa ametajirisha lugha yake. Hamzah Fansuri akikopa, husemwa amedhihirisha ufukara wa lugha yake. Nyani haoni kundule, na mhakiki wa madeni haoni daftari la kwao.

Hamzah Fansuri mwenyewe anastahili kusomwa tena. Sufii huyu wa Sumatra ndiye anayehesabiwa na wengi kuwa mwasisi wa syair, ubeti wa mishororo minne yenye kina kimoja. Neno ni la Kiarabu, lilelile lililotupatia neno shairi. Lakini mshairi wa Kiarabu akipewa syair ya Kimalay hawezi kuitambua kuwa qasida, kama ambavyo hawezi kulitambua shairi la Kiswahili lenye mizani kumi na sita kwa mshororo na vina vya kati na vya mwisho. Lugha mbili, pande mbili za Bahari ya Hindi, zilipokea neno moja na kulijengea nyumba mbili zisizofanana. Isitoshe, Hamzah aliweka wazi kwamba aliandika kwa Kimalay ili wasiojua Kiarabu na Kiajemi nao wafahamu. Huyu si mtu aliyeinamia lugha ngeni. Ni mtu aliyeipandisha lugha yake hadi kwenye mambo mazito ambayo wenye Kiarabu walidhani ni yao.

Hikaya iliyoulizwa swali lisilo lake

Dhuluma kubwa zaidi imetendewa kitabu ambacho ulimwengu unakijua kwa jina la Sejarah Melayu. Jina lake lenyewe ni Sulalat al-Salatin, yaani nasaba ya wafalme, na toleo moja muhimu lina tarehe ya 1612, likihusishwa na waziri mkuu wa Johor, Tun Sri Lanang. Tafsiri ya Kiingereza ya John Leyden, iliyochapishwa mwaka 1821 baada ya kifo chake, iliiita kumbukumbu za miaka za Wamalay. Kubatizwa huko hakukuwa jambo dogo. Kitabu kikiitwa kumbukumbu za miaka, msomaji hudai miaka, na asipoiona hukasirika. Ndivyo ilivyokuwa. Wanahistoria walikuta wafalme wa Melaka wakiungwa na Iskandar Zulkarnain, wakatikisa vichwa, wakachukua tarehe chache za kuwafaa na kutupa mengine katika jaa la ngano.

Lakini kitabu hiki hakiulizi Iskandar alizaa nani. Kinauliza swali jingine, na kinaliuliza mapema. Katika kisa cha mwanzo, mzee Demang Lebar Daun anaweka ahadi na mfalme Sang Sapurba: raia hawatamwasi mfalme hata akiwa mkatili, na mfalme kwa upande wake hatawafedhehesha raia. Yeyote atakayeivunja ahadi, nyumba yake itapinduliwa. Baada ya hapo kisa hata kisa kinaijaribu ahadi hiyo.

Chukua kisa cha Singapura na samaki aina ya todak. Samaki wenye midomo mikali kama mikuki wanaushambulia ufuo, wanaua watu, na mfalme anawapanga raia kuwa ukuta wa miguu. Mtoto mmoja anauliza kwa nini watumiwe watu. Si afadhali kupanga migomba? Migomba inapangwa, midomo ya samaki inakwama ndani yake, watu wanaokoka. Ndipo wakuu wanamwambia mfalme kwamba mtoto mwenye akili kiasi hiki atakuwa hatari akikua, naye anauawa. Mwandishi anasema damu ya mtoto yule ikawa juu ya nchi. Baadaye, chini ya mfalme mwingine, binti wa waziri Sang Rajuna Tapa anafedheheshwa na kuuawa hadharani kwa uchongezi. Baba yake analifungulia lango jeshi la Majapahit, na Singapura inaanguka.

Mwanahistoria wa tarehe haoni kitu hapa ila samaki wa ajabu. Mhakiki anayesoma fasihi anaona ahadi ikitolewa, ikivunjwa mara ya kwanza, ikivunjwa mara ya pili, na adhabu ikifika. Huu ni ufundi wa kupanga visa, na ni falsafa ya utawala iliyoandikwa na waziri aliyeijua harufu ya ikulu. Ni nani basi aliyemkopesha Tun Sri Lanang fikra hii? Hata akitajwa, swali linabaki palepale: mbona kitabu kizima kinaizunguka?

Kisa kinachosimulia usiku wa kuamkia shambulio la Wareno dhidi ya Melaka mwaka 1511 kinakamilisha hoja. Vijana wa vita wanaamua kwamba usiku usipite bure. Wanatuma mtu kwa Sultani kuomba Hikayat Muhammad Hanafiah isomwe, ili wapate faida, kwa kuwa adui atashambulia kesho. Sultani anawapa Hikayat Amir Hamzah badala yake, akisema anachelea ushujaa wao hautafikia ule wa Muhammad Hanafiah. Jibu analopelekewa ni kali kwa upole wake: Sultani akiwa kama Muhammad Hanafiah, wao watakuwa kama jemadari wake. Sultani anatabasamu na kuwapa hikaya waliyoitaka.

Hikaya ile ilitoka Uajemi. Hilo halina ubishi. Lakini usiku ule haikuwa ya Waajemi. Ilikuwa silaha, na ilikuwa hoja. Kwa kuiomba, vijana walimkumbusha mfalme ahadi ya Demang Lebar Daun bila ya kuitaja. Amin Sweeney, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu usimulizi na maandishi katika ulimwengu wa Wamalay, alisisitiza kwamba tungo hizi ziliandikwa kwa ajili ya kusikilizwa. Mhakiki anayezisoma kimyakimya maktabani, kidole kikitafuta chanzo chake, amekwisha kuikosa nusu ya maana.

Mpaka, herufi na wasomaji waliopotea

Kuna wanaosema kwamba huu ni ubishi wa wasomi usio na madhara. La hasha! Uhakiki wa madeni ulikwenda sambamba na mambo mawili yaliyowakata Wamalay na maandishi yao.

La kwanza ni mpaka. Kwa mkataba wa London wa mwaka 1824, Waingereza na Waholanzi waligawana ulimwengu wa Wamalay, wakiukata usultani mmoja wa Johor na Riau vipande viwili. Kisiwa kidogo cha Penyengat, huko Riau, kilibaki upande wa Waholanzi. Hapo ndipo Raja Ali Haji alipotunga Gurindam Dua Belas mwaka 1847, akaandika sarufi na kamusi, na kuanza Tuhfat al-Nafis, historia pana ya Wamalay na Wabugis. Sarufi aliyoandika mtu wa Riau ikahitaji kuvuka mpaka wa dola mbili za Ulaya ili imfikie Mmalay wa Johor aliye ng'ambo ya mlango wa bahari. Leo mpaka huo ni wa Indonesia na Malaysia, na kila upande unadai peke yake kile kilichotungwa kabla ya mpaka kuwepo.

La pili ni herufi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali zote mbili za kikoloni zilisanifisha Kimalay kwa herufi za Kirumi: Waholanzi mwaka 1901, Waingereza mwaka 1904. Jawi haikufa papo hapo. Gazeti la Utusan Melayu lililoanzishwa Singapore mwaka 1939 lilichapwa kwa Jawi. Lakini sheria ya lugha ya taifa ya Malaya ya 1963 iliweka herufi za Kirumi kuwa hati ya lugha ya taifa, ikiiachia Jawi ruhusa ya kutumiwa tu. Mtoto akisoma shule bila Jawi, miswada ya babu zake inageuka michoro. Itambidi asubiri mtaalamu amsomee, na mtaalamu huyo, mara nyingi, amelelewa na daftari la Winstedt.

Wasafishaji wa ndani

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kumtwika mkoloni mzigo wote. Lakini uhakiki wa madeni una warithi wa nyumbani, nao wamebadilisha lugha tu. Mkoloni alisema: hiki si chenu, kilitoka nje. Msafishaji wa ndani anasema: hiki si chetu, kilitoka nje, basi na kitupwe.

Mfano wa kale upo. Nuruddin al-Raniri, mwanachuoni aliyetoka Ranir, Gujarat, alipopata nguvu Aceh kuanzia mwaka 1637, aliyahukumu mafundisho ya Hamzah Fansuri kuwa upotovu, na vitabu vikachomwa. Mfano wa karibu ni Mak Yong ya Kelantan, tamthilia ya jadi inayounganisha uigizaji, wimbo, ngoma na uganga, ambamo wanawake huchukua hata nafasi ya mfalme. Baada ya chama cha PAS kuchukua serikali ya jimbo hilo mwaka 1990, maonyesho yake ya hadharani yalipigwa marufuku kwa madai kwamba yana mabaki ya imani za kabla ya Uislamu na kwamba wanawake hawapaswi kucheza mbele ya wanaume. UNESCO iliitangaza Mak Yong kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005, wakati wenyewe wa Kelantan hawakuruhusiwa kuionyesha. Marufuku iliondolewa mwaka 2019, kwa masharti. Waigizaji waliozeeka katika kipindi hicho hawakurudishiwa miaka yao wala wanafunzi ambao wangewafundisha.

Hata msomi mwenye kina kama Syed Muhammad Naquib al-Attas, aliyemtetea Hamzah kwa elimu kubwa, aliona kwamba Uhindu na Ubuddha viligusa uso wa utamaduni wa Wamalay tu, na kwamba Uislamu ndio ulioleta fikra na mantiki. Hoja yake ilikuwa jibu la haki kwa wakoloni walioudharau Uislamu wa Wamalay. Hata hivyo bado inapanga tabaka, bado inauliza ni mkopeshaji yupi aliye bora. Jiwe la Terengganu linaikataa. Sheria ya Kiislamu na neno Dewata yamo katika jiwe moja, na yote mawili yanafikiri.

Wanaotafuta damu safi nao hawana kimbilio. Raja Ali Haji, mwanasarufi mkuu wa Kimalay, alikuwa na asili ya Kibugis. Babu yake, Raja Haji, aliuawa mwaka 1784 akipigana na Waholanzi karibu na Melaka. Abdullah bin Abdul Kadir Munshi, ambaye Hikayat Abdullah yake iliyochapwa mwaka 1849 ilifungua njia mpya ya nathari ya Kimalay, alikuwa na nasaba ya Kiarabu na ya Kitamili. Wakiondolewa hawa wawili kwa kukosa damu, karne ya 19 ya fasihi ya Kimalay itabaki na mifupa. Wao walikuwa Wamalay kwa njia ambayo mtu huwa wa fasihi yoyote: waliifanyia kazi.

Pingamizi moja na jibu lake

Atakuja mtu aseme kwamba makala haya yanataka vyanzo visichunguzwe. Hayataki hivyo. L. F. Brakel, aliyehariri Hikayat Muhammad Hanafiah, alichunguza chanzo chake cha Kiajemi kwa makini, na uchunguzi huo ndio unaotuwezesha kuona mfasiri wa Kimalay alifanya nini. V. I. Braginsky, katika kazi yake pana ya 2004 juu ya urithi wa fasihi ya jadi ya Kimalay, hakukana athari yoyote ya nje; alitafuta jinsi Wamalay wenyewe walivyozipanga tungo zao, zipi za kuburudisha, zipi za kuelimisha akili, zipi za kuitakasa roho. Chanzo ni hatua ya kwanza ya mhakiki. Kosa ni kukigeuza hatua ya mwisho.

Hitimisho

Katika idara za fasihi za Afrika Mashariki hoja hii ina kazi ya kufanya. Jan Knappert, ambaye mwaka 1967 alizichukua tenzi za Kiswahili kuwa dirisha la kuchungulia dhana za Uislamu wa Afrika Mashariki, aliwahi pia kuchapisha kitabu cha visasili na ngano za Wamalay. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya 1988, aliwajibu waliouona ushairi wa Kiswahili kuwa tawi la Arabuni. Lakini majibu mengi yaliyotolewa tangu wakati huo yamekubali swali la mkoloni na kubadilisha jibu tu: badala ya Uarabu, Ubantu. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 ungali unahojiwa kabila lake kuliko unavyosomwa. Wanafunzi wanaweza kutaja chanzo chake cha Kiarabu katika mtihani bila kuweza kueleza kwa nini mshairi wa Pate alirefusha pambano hili na kufupisha lile.

Basi mitaala na ibadilike. Sulalat al-Salatin na isomwe nzima, kisa kwa kisa, badala ya kutajwa katika muhtasari wa athari. Syair na shairi zikae meza moja, ili ionekane jinsi neno moja lilivyozaa sanaa mbili. Hati ya Kiarabu ifundishwe kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, kwa sababu asiyeweza kusoma mswada wa Lamu wala wa Riau ataendelea kuishi kwa kusomewa. Zaidi ya yote, mtahini aache kuuliza utungo ulitoka wapi kana kwamba hilo ndilo swali la mwisho.

Wale vijana wa Melaka walijua hikaya yao ilitoka mbali. Hawakumwuliza Sultani imetoka wapi. Waliiomba kwa sababu walijua ni ya nini, na kesho yake walikwenda vitani.